Nakshi ni Hesabu: Mkeka wa Ruaruke Mbele ya Ngatu ya Tonga

Watafiti wa sanaa za mikono wana swali walilolizoea kila wakutanapo na nakshi: ina maana gani? Visiwani Tonga swali hilo lina majibu. Wanawake huponda gamba la ndani la hiapo, mti wa jamii ya mforosadi, hadi liwe nguo, wakalitandaza juu ya vibao vya nakshi viitwavyo kupesi na kulisugua kwa rangi. Michoro ikishajitokeza, huikoleza kwa mkono. Nguo hiyo, ngatu, hubeba michoro yenye majina: manulua ni ndege wawili, hala paini ni barabara ya misonobari iendayo kasri la kifalme.

Makala hii inadai kwamba swali hilo likihamishiwa Ruaruke, wilayani Kibiti katika eneo la Rufiji, Tanzania, hupotosha. Nakshi ya mkeka wa Rufiji haibandikwi juu ya kitu kilichokwisha kamilika. Huzaliwa pamoja nacho. Cha kuchunguzwa kwanza, basi, ni hesabu inayoizaa.

Majani machanga ya mkindu huanikwa, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba, na baadhi huchemshwa katika rangi. Katika kusuka ukili, yaani utepe mrefu wa chane zilizosukwa, kila chane huenda mshazari, ikipita juu ya wenzake na kuzama chini yao. Rangi huonekana pale tu chane inapopita juu. Ikiruka mbili badala ya moja, mstari huvunjika na kuwa ngazi. Zamu ikigeuzwa upande, hutokea pembe. Ndiyo maana mkeka umejaa ngazi, pembe na almasi, ilhali duara kamili halisukiki. Kisha kili hushonwa ubavu kwa ubavu. Mshonaji akikosea kukutanisha pembe za ukili mmoja na za jirani yake, hata kwa upana wa chane moja, mkeka mzima humsuta.

Watakuwapo watakaosema kwamba nakshi za mikeka nazo zina majina. Ni kweli, lakini jina humsaidia msukaji kukumbuka na mnunuzi kuagiza. Halimwelezi mtu chane ya ngapi iruke. Tonga yenyewe inatuunga mkono. Huko mikeka bora huthaminiwa zaidi kuliko ngatu, na ile iitwayo kie hingoa ina majina yake binafsi kwa sababu ya vizazi ilivyopitia, ingawa haina michoro ya kusomwa.

Hoja hii ina matokeo ya kiutendaji. Makumbusho yanayohifadhi mkeka uliokamilika pamoja na picha na jina la nakshi yanahifadhi zao na kuuacha ujuzi. Yahifadhi pia ukili ulioachwa katikati, chane zikiwa bado wazi, pamoja na maelezo ya msukaji mwenyewe, hatua kwa hatua, na jina lake kama mtunzi. Bila hivyo, itakuwa vigumu kwa msukaji mwingine kuirudia nakshi hiyo.