Wimbo Ulivuma, Mtunzi Akasahauliwa

Sote tunauimba “Mungu Ibariki Afrika”, bali ni wachache miongoni mwetu wamjuao aliyetunga sauti yake. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897 kuwa wimbo wa dini. Alifariki mwaka 1905, sifa zake hazijavuka mipaka. Kwaya ya Ohlange ikautangaza wimbo. Mwaka 1923 Sol Plaatje akauimba katika santuri huko London. Mwaka 1961 Tanganyika huru ikautwaa. Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Cha Sontonga kilivikwa mwaka 1996, kaburi lake lilipotangazwa kumbukumbu ya taifa. Basi, tuwafundishapo vijana wimbo, hatuna budi kuwafundisha na jina la mtunzi.