Neno "Mbu" na Safari ya Protini Katika Chembe za Damu

Robert Koch, mganga Mjerumani aliyechunguza homa za Usambara katika mwaka 1898, alielezwa jambo ambalo wenyeji walilijua kabla yake. Watu wa milimani waliposhuka mabondeni waliugua homa, na homa hiyo waliiita mbu, kwa jina la mdudu aliyewauma huko. Mwaka uliotangulia Ronald Ross alikuwa amekiona kimelea cha malaria tumboni mwa mbu huko India. Kwa familia za Mpale, na za Korogwe na Handeni kwa jumla, homa hiyo haikuwa elimu ya vitabuni. Ilikuwa makaburi ya watoto.

Neno hilo lilitaja chanzo, bali halikueleza litendekalo ndani ya damu. Protini nyingi za chembe hai huundwa mahali pamoja na kufanya kazi mahali pengine, na katikati pana tando za kuvuka. Mwaka 1971 Günter Blobel na David Sabatini walidokeza kwamba protini hubeba mwanzoni mwake alama ya kuonyesha iendako. Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Mwanafunzi wa sarufi ataifananisha alama hiyo na kiambishi cha ngeli, ila hiki, kazi yake ikiisha, mara nyingi hukatwa.

Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini wala vyombo vya uchukuzi huo. Kimelea kiingiacho humo hulazimika kujenga njia chenyewe, na hapo ndipo penye hatari. Protini iitwayo PfEMP1 huvushwa hadi juu ya chembe, nayo huifanya inate katika mishipa midogo, isipite wenguni ikaharibiwa. Zikinata katika mishipa ya ubongo, mtoto huzimia, na huweza kufa.

Georg Maurer aliyaona madoa ya vituo vya njia hiyo mwaka 1902. Alama fupi ya asidi-amino tano, itambulishayo protini nyingi za kuvushwa, ilitangazwa na makundi mawili ya wataalamu mwaka 2004. Lango lenyewe likafahamika mwaka 2009.

Baina ya 2009 na 2014 Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya RTS,S. Chanjo hiyo hukilenga kimelea kabla hakijaingia katika chembe nyekundu. Dawa mahsusi ya kuliziba lango lile haijafika hospitalini.