Ukuta kati ya Famasi na Udaktari

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mandewa, pembeni mwa mji wa Singida. Jioni moja, baada ya chakula, binti wa dada yangu, anayesoma mwaka wa pili wa shahada ya famasi, alinifuata barazani. Tulipokwisha kusalimiana alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mjomba, nataka kuacha famasi nikasome udaktari." Mama yake alikuwa ndani akiosha vyombo. Sauti ya vyombo ilikoma. Nilijua dada yangu anahesabu magunia ya alizeti.

Hesabu yenyewe si ngumu. Shahada ya famasi ni miaka 4, ya udaktari ni 5. Anayehama baada ya miaka 2 huanza upya mwaka wa kwanza, na mkopo wa miaka ile miwili unabaki kuwa deni lake. Akisubiri amalize famasi kwanza, atakuwa ametumia miaka 9 darasani kabla ya mwaka wa mazoezi ya kazi. Mimi ni mwalimu wa historia, na badala ya kumjibu nilimwuliza swali la kizamani: ukuta huu aliujenga nani?

Huko Ulaya, katika karne ya 13, Frederick II aliyetawala Sisilia aliweka sheria za kutenganisha waganga na wauza dawa, na kumkataza mganga asishirikiane na muuza dawa kibiashara. Hoja yake ina nguvu hata leo: anayeandika dawa asinufaike na mauzo yake. Lakini ukuta ukishajengwa kwa sababu njema, wapo watakaouegemea kwa sababu nyingine. Mjini London madaktari wa chuo chao walimshitaki William Rose, muuza dawa, kwa kosa la kumtibu mgonjwa, na mwaka 1704 Bunge la Malodi likampa Rose haki. Sheria ya mwaka 1815 ikakipa chama cha wauza dawa mamlaka ya kutahini na kutoa leseni ya tiba. Hivyo sehemu kubwa ya madaktari wa kawaida wa Uingereza, wale wanaotibu familia mitaani, asili yao ni duka la dawa. Kundi zima la watu lilihama famasi likaingia udaktari, na hakuna aliyeliambia lirudi mwaka wa kwanza.

Mlango huohuo ndio uliompitisha Elizabeth Garrett. Vyuo vya tiba vilimkataa kwa kuwa ni mwanamke, lakini kanuni za chama cha wauza dawa hazikuwa zimetaja jinsia. Mwaka 1865 akafaulu mtihani wao na kupata leseni. Wakubwa wa chama walibadili kanuni upesi ili mwingine asimfuate. Mwaka 1870 alipata shahada ya udaktari mjini Paris.

Hapa kwetu ukuta ulikuja ukiwa umekwisha kujengwa, ila vijijini haukuwa na maana. Katika miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika, chini ya mkuu wa tiba John Shircore, ilianza kuwafundisha vijana kwa muda mfupi na kuwapeleka kwenye zahanati za mamlaka za wenyeji. Waliitwa madresa. Babu yetu mzaa mama alikuwa mmoja wa waliokuja baadaye. Alisafisha vidonda, alisikiliza kifua, alipima dawa kwa kijiko na kuitoa mwenyewe. Watu wakamwita daktari. Makerere ilikuwa ikifundisha tiba tangu mwaka 1924, lakini kutoka zahanati yake hadi Makerere hapakuwa na ngazi. Alikufa akiwa dresa.

Tulipopata uhuru, Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walituachia madaktari wazalendo 12. Mwaka 1963 kilianza chuo cha udaktari Dar es Salaam, na mwaka huohuo yakaanza mafunzo ya madaktari wasaidizi. Hapo ndipo nchi hii ilifanya jambo ambalo hatulisifu vya kutosha: ilijenga ngazi. Aliyeanza chini katika tiba aliweza kurudi shule, akawa tabibu, akawa daktari msaidizi, akapasua wajawazito katika wilaya ambazo daktari mwenye shahada hakukanyaga. Mafunzo hayo sasa yamesitishwa, kwa hoja kwamba tuna madaktari wa kutosha wa shahada. Mimi nina shaka, lakini hilo lina siku yake.

Famasi haikuwahi kupata ngazi ya namna hiyo. Mafunzo yake ya shahada yalianza Muhimbili mwaka 1974, na tangu hapo njia hizi mbili zinakwenda sambamba bila daraja. Fiziolojia na famakolojia zinasomwa pande zote mbili. Naafiki kabisa kwamba anayeandika dawa na anayeitoa wawe watu wawili. Ninachokataa ni ukuta wa kazini kuhamishiwa darasani, kana kwamba alichojifunza mtu kuhusu figo kinayeyuka akivuka ua.

Nilimweleza hayo yote, naye alinisikiliza kwa adabu. Kisha nikamwuliza nilichopaswa kumwuliza mwanzo: kwa nini unataka kuhama?

Akasema alikuwa katika mazoezi ya kazi, hospitali moja, kwenye dirisha la dawa. Mama akaleta cheti cha mtoto. Binti yetu akaona kipimo kilichoandikwa ni kikubwa mno kwa uzito ule, akapanda kumwuliza aliyeandika. Akajibiwa mbele ya wagonjwa: kazi yako ni kutoa dawa. Alirudi dirishani, akakataa kuitoa, mpaka msimamizi wake alipokwenda mwenyewe na cheti kikabadilishwa.

"Nataka kuwa upande unaosikilizwa, mjomba."

Nilikosa la kusema. Yule mtoto aliokolewa na famasi. Ndiyo maana hasa ya kuwa na macho ya pili. Kumbe tunampoteza mfamasia palepale alipoithibitisha kazi yake, na tunampoteza si kwa sababu anapenda kupasua au kuzalisha, bali kwa sababu ya sauti. Nilimwambia kwamba akiwa daktari atakuwa na sauti, lakini dirisha lile litabaki na mtu mwingine wa kujibiwa vilevile. Akaniambia hilo si la kubebeshwa yeye peke yake. Ni kweli.

Asubuhi alipanda basi kurudi chuoni. Hajaandika barua ya kuacha masomo, wala hajasema hataandika. Dada yangu amenipigia simu mara moja tu tangu siku ile, akaniuliza kama nimesikia bei ya alizeti mwaka huu itakuwaje.