Kisu cha kukunja chenye sura ya vita

Mwaka 1996 kampuni ya Gerber ya Marekani ilitoa kisu cha kukunja kiitwacho Applegate-Fairbairn. Kikifunguliwa hufanana na kisu cha askari: ubapa ulionyooka na ncha iliyo katikati. Kwa ndani, lakini, ni chombo kingine.

Sura hiyo inatokana na kisu cha makomando wa Uingereza. William Fairbairn na Eric Sykes, waliohudumu katika polisi wa Shanghai, walikibuni mwaka 1940, kikafuliwa na Wilkinson Sword ya London. Kilikuwa chembamba, chenye makali kuwili, kwa kazi moja tu: kudungia. Askari walipokitumia kufungulia makasha, ncha ilivunjika. Tena mpini wake ulikuwa wa mviringo, hivyo gizani ilikuwa vigumu kujua makali yameelekea wapi.

Rex Applegate, afisa wa jeshi la Marekani aliyefanya kazi na Fairbairn wakati wa vita, alishirikiana naye kuziondoa kasoro hizo. Ubapa ukapanuliwa, ncha ikaimarishwa, mpini ukafanywa bapa kidogo.

Kukikunja kulileta tatizo jipya. Kisu cha makali kuwili kikikunjwa, makali ya pili hubaki nje na kumkata mwenyewe. Kwa hiyo mgongo wa kisu hiki umechongwa kama makali, ila haukatwi nao kitu.

Kinachokibeba ni komeo. Ubapa unapofunguka, bamba jembamba la chuma ndani ya mpini husogea nyuma ya kitako chake na kukizuia kisijifunge. Bamba likilegea, au mchanga ukiingia, vidole vyako vimo hatarini. Kwa sisi wa pwani, kioshe kwa maji baridi, kikaushe, ukitie tone la mafuta kwenye egemeo.

Kuna jambo jingine, hasa kwa walio na jamaa Uingereza. Huko, kijisu cha kukunja kisicho na komeo, chenye makali yasiyozidi sentimita 7.62, chaweza kubebwa hadharani. Chenye komeo, hata kiwe kifupi, chahitaji sababu nzuri. Bila hiyo, kifungo chaweza kufika miaka 4.

Basi kabla hujamtumia mpwa wako zawadi kama hii, jua kwamba komeo linalolinda vidole vyake ndilo litakalompeleka mahakamani.