Fomu Iliyojifunza Kukumbuka

Leo ukijaza fomu mtandaoni ukakosea tarakimu moja ya simu, unarudishiwa fomu ileile, jina na anwani vikiwa palepale. Kwenye tovuti nyingi za mwanzo ulirudishiwa fomu tupu, uanze upya.

Chanzo kilikuwa CGI, utaratibu wa mwaka 1993 wa kuunganisha seva na programu. Ombi likiingia, programu iliamka, ikajibu, ikafa, bila kukumbuka chochote. Aliyetaka majibu ya mtu yabaki alilazimika kuyachomeka mwenyewe, kisanduku kwa kisanduku, ndani ya HTML aliyoiandika kwa mkono.

Dawa ilitoka kwa Lincoln Stein, daktari aliyehamia kwenye utafiti wa jenomu nchini Marekani. Aliandika CGI.pm, moduli ya lugha ya Perl. Ukiita textfield() unapata kisanduku cha maandishi; ukiita popup_menu(), orodha ya kuchagua. HTML inajiandika. Utamu wenyewe, kwa maoni yangu, ulikuwa kwingine: kila kisanduku kilichungulia kwanza kilichotumwa na mtumiaji, kikajijaza kabla ya kurudi kwake. Mwaka 1997 moduli hiyo ikaanza kusambazwa pamoja na Perl yenyewe.

Mwaka 2015, toleo la 5.22 la Perl likaiondoa. Wasanifu wa kurasa walikuwa wamechoka kuomba ruhusa kwa mwandishi wa programu kila walipotaka kusogeza kitufe, na violezo vya HTML vilikuwa vimetwaa kazi hiyo. Hata hivyo wazo lilishahamia kwingine, kwenye mifumo ya kujengea tovuti: Rails ya 2004, kisha Django, iliyozaliwa katika chumba cha habari cha gazeti huko Lawrence, Kansas. Zote huzalisha visanduku vya fomu kutoka kwenye msimbo.

Walioendelea kuandika kwa mkono walibaki na mtego mdogo, ambao sisi wenye majina kama Ng'ang'a tunaujua. Thamani ya kisanduku ikizungushiwa alama moja ya kunukuu, kivinjari kinasoma “Ng” na kuishia hapo. Lugha ya PHP ina htmlspecialchars(), kazi ya kusafisha herufi za namna hiyo, lakini kwa kawaida yake iliipita alama hiyo moja bila kuigusa, mpaka uiagize. Ilibadilishwa katika toleo la 8.1, mwaka 2021.