Mafuta ya oregano yalifikaje mu chakula cha kuku?

Wandugu, mtu akisikia mafuta ya oregano mu chakula cha kuku wa mayai, anafikiri ni hekima ya mababu imerudi. Hapana, ilipitia kwanza kwenye antibiotiki.

Mwaka 1948, kule Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa kampuni Lederle walikuwa wanatafuta vitamini B12. Wakalisha vifaranga mabaki ya kutengenezea Aureomycin, na vifaranga wakakua kupita vile walitazamia. Kumbe antibiotiki ilibaki mule ndani! Ikawa biashara: kuku asiye mgonjwa anakula dawa kila siku, kidogo kidogo. Ile kidogo njo shida, juu bakteria dhaifu zinakufa, ngumu zinabaki na kuzaana. Ripoti ya Swann ilionya Uingereza mwaka 1969. Sweden ikakataza 1986. Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kabisa tarehe 1/1/2006.

Hapo njo viwanda vya chakula cha mifugo vilikimbilia mimea. Karvakroli ya oregano inaharibu ngozi ya nje ya bakteria. Lakini nguvu ya mafuta inabadilika kufuatana na aina ya mmea, udongo na wakati wa mavuno, kwa hiyo majaribio hayatoi jibu moja.

Na kuku wa mayai ana hesabu yake. Wa nyama, unaweza kungoja siku kadhaa mbele ya kumchinja. Huyu anataga kesho asubuhi. Ukimtilia tetrasikilini mu maji leo, inaingia mu yai, na yai liko sokoni.