Nyumba za Kariakoo na Watu Wake

Historia ya mji haikai katika makaratasi ya serikali peke yake. Hukaa pia katika kuta, milango na baraza, na katika vinywa vya watu waliozeeka humo. Atakaye kuijua Dar es Salaam hana budi kuzisoma nyumba zake, tena upesi, kwa maana zinavunjwa.

Kati ya Mnazi Mmoja na bandari, mahali palipoitwa Uhindini, nyumba kadhaa za zamani za ghorofa zimeandikwa usoni jina na mwaka wa kujengwa. Mtafutaji huona jina hilo akadhani ameipata historia. Lakini jina lile ni la mwenye mali tu, wala mali yenyewe haikudumu mikononi mwake. Kwa sheria ya mwaka 1971 serikali ilizitwaa nyumba za kupangisha zilizozidi thamani ya shilingi 100,000. Wajenzi wengi wakahama nchi, wapangaji wengine wakaingia. Jiwe likabaki na habari ya kwanza, likanyamazia zilizofuata.

Ng'ambo ya Mnazi Mmoja, Kariakoo, mambo yalikuwa kinyume. Nyumba hazikuandikwa jina, bali mtaa wenyewe ni maandishi. Wadachi walikuwa wameanza kupanga njia zake ziwe makao ya Waafrika; Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, walipaweka hapo kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps, na ndimi za watu zikalifanya neno hilo Kariakoo. Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kila atajaye sokoni anawataja, ajue asijue.

Nyumba iliyoenea huko ilikuwa ya miti na udongo: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma, penye jiko na choo. Mwenye nyumba aliweza kukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, hata chini ya paa moja wakalala watu wa makabila mbalimbali. Kwa hiyo kuuliza “nani alijenga?” ni nusu ya swali. Yapasa kuuliza pia: nani alikaa chumba cha pili kushoto, alitoka wapi, alifanya kazi gani, alizikwa na nani? Wazee wa barazani hujua mambo ya barazani. Ya uani yaulizwe kwa bibi zetu. Kisha maneno ya mmoja yalinganishwe na ya mwingine, na yote mawili na hati ya kiwanja.

Kazi hiyo yawezekana. Katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe mwaka 1973, Daisy Sykes Buruku aliandika maisha ya babu yake, Kleist Sykes, akitumia maandishi aliyoyaacha mzee huyo. Kleist alikuwa mwana wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wadachi kutoka Msumbiji. Naye akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Association mwaka 1929. Katika nyumba ya chama hicho, Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Karatasi za sandukuni mwa ukoo mmoja zimeiangaza njia ya taifa zima. Je, ni masanduku mangapi yametupwa pamoja na kifusi?

Maana Kariakoo ya leo ni ya maghorofa. Soko alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Na Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka na kuua watu. Hatusemi mji usijengwe. Wenye viwanja wana haki ya kufaidi mali yao, na nyumba ya udongo haiwezi kusimama milele. Twasema hivi: kabla nyundo haijainuliwa, na aende mwanafunzi mmoja na daftari, aichore nyumba, aandike majina ya vyumba vyote sita. Nyumba iliyovunjwa yaweza kujengwa tena. Mzee aliyekufa hajaulizwa haulizwi tena.